Roger Corman, Mhandisi wa Filamu za Fedha Chache

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, gazeti la Los Angeles lilichapisha habari ya nyambizi ndogo ya mtu mmoja iliyotengenezwa na kampuni ya Aerojet. Wengi waliisoma, wakageuza ukurasa. Kijana mmoja, Roger Corman, aliinua simu akaiomba kampuni imwazime nyambizi hiyo aitumie kwenye filamu bila malipo, na kampuni nayo ipate kutangazwa. Kampuni ikakubali. Hapo ndipo ilipotungwa hadithi ya dude la baharini linalowala watu, hadithi ambayo haiwezi kwenda bila mtu kuzama chini ya maji ndani ya chombo kidogo cha kisasa.

Filamu hiyo, Monster from the Ocean Floor, ilitoka mwaka 1954. Ilipigwa kwa siku sita, kwa fedha taslimu zipatazo dola 12,000. Mwongozaji alikuwa Wyott Ordung. Corman alikuwa mtayarishaji, na pia ndiye aliyeendesha lori la vifaa alfajiri na kulipakua kabla wenzake hawajafika. Nyuma ya kamera alimweka Floyd Crosby, mpiga picha aliyekwisha kushinda Oscar kwa filamu ya Tabu ya mwaka 1931. Dude lenyewe lilikuwa duni na lilionekana kwa nadra, lakini picha zilikuwa za fundi. Filamu ikauzwa, ikaleta faida, na faida ikatengeneza filamu ya pili.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa zaidi ya miaka hamsini Corman aligaagaa na upwa wa Hollywood, akiokota kilichoachwa na wenye nacho: seti zinazosubiri kubomolewa, filamu za Kirusi, habari za asubuhi, vijana wasiopata kazi kwingine. Kila alichookota alikitafutia hadithi. Filamu za bunilizi ya kisayansi, ambazo watu huamini kwamba haziwezekani bila mamilioni, ndizo zilizomfaa kuliko aina nyingine yoyote.

Alizaliwa Detroit tarehe 5 Aprili 1926. Baba yake alikuwa mhandisi, na familia ilipohamia California ilitazamiwa kwamba mwana atafuata nyayo. Alisoma uhandisi wa viwanda Chuo Kikuu cha Stanford, masomo yakakatizwa na utumishi katika jeshi la wanamaji, akahitimu mwaka 1947. Kazi yake ya uhandisi ilidumu siku nne. Aliingia kiwanda cha mota za umeme siku ya Jumatatu, na Alhamisi akamwambia mkuu wake kwamba amekosea njia. Akaenda kuwa tarishi katika studio ya 20th Century Fox kwa dola 32.50 kwa wiki, kisha msomaji wa skripti. Mapendekezo yake yalitumika katika The Gunfighter ya mwaka 1950, lakini jina lake halikuonekana popote. Akaondoka, akasoma fasihi kwa muda huko Oxford, akarudi Los Angeles akiwa ameazimia kutengeneza filamu zake mwenyewe.

Uhandisi aliuacha kiwandani, lakini ratiba alitoka nayo. Katika filamu kinachokula fedha kuliko kitu chochote ni siku. Kila siku ya kupiga picha ina mishahara, kodi ya kamera, taa, malori na chakula cha watu wote. Kwa hiyo Corman alipanga siku zake kama msimamizi wa kiwanda apangavyo zamu. Taa zikishaelekezwa kwenye ukuta mmoja wa chumba, matukio yote yanayohitaji ukuta ule hupigwa hapo hapo, hata kama moja liko mwanzo wa hadithi na jingine mwisho. Mwigizaji angeweza kufa asubuhi na kuposa jioni. Kamera ikigeuzwa, haigeuzwi tena kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Corman lilihesabu saa kwanza, dola baadaye.

Wakati nao ulimwendea vizuri. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imezilazimisha studio kubwa ziachane na majumba ya sinema zilizokuwa zikiyamiliki. Televisheni ikawabakiza watu wazima nyumbani. Wenye majumba ya sinema, pamoja na wale wa viwanja vya kutazamia filamu ndani ya magari, wakawa na njaa ya filamu za bei nafuu zitakazowavuta vijana, tena mbili kwa tiketi moja. James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff walianzisha kampuni ya kuilisha njaa hiyo, ile iliyokuja kuitwa American International Pictures. Nicholson alikuwa na kipaji cha kubuni jina na bango kabla filamu yenyewe haijaandikwa. Corman akawapa filamu yake ya The Fast and the Furious, na badala ya kungoja malipo ya mbali akaomba fedha mkononi na ahadi ya filamu nyingine zaidi. Kwa mpango huo akapata mtaji usiokatika.

Mwaka 1955 alianza kuongoza mwenyewe, kwanza filamu ya mapigano ya magharibi, kisha Day the World Ended, bunilizi yake ya kwanza ya kisayansi akiwa mwongozaji. Hadithi inawakusanya watu wachache walionusurika vita vya nyuklia katika bonde moja, nje kukiwa na kiumbe aliyebadilishwa na mionzi. Nchi nzima ilikuwa ikiogopa bomu, na Corman aliifungia hofu hiyo ndani ya nyumba moja yenye watu wasioaminiana. Mavazi ya kiumbe yalitengenezwa kwa sponji na mpira na Paul Blaisdell, mchoraji wa majarida ya bunilizi ya kisayansi, ambaye pia aliyavaa mwenyewe na kuigiza.

Blaisdell ndiye aliyetengeneza pia dude la It Conquered the World ya mwaka 1956. Corman, kwa akili yake ya kihandisi, alikuwa amehoji kwamba kiumbe wa sayari yenye uvutano mkubwa atakuwa mfupi na mpana. Likatengenezwa dude la chini, mfano wa figili iliyopinduliwa, lenye makucha ya kaa. Kama Corman alivyosimulia miaka mingi baadaye, mwigizaji Beverly Garland alifika kwenye seti, akasimama mbele ya dude ambalo halikumzidi kimo, akauliza kwa dharau kama hilo ndilo lililoiteka dunia, kisha akalipiga teke. Corman akaelewa papo hapo. Kanuni za fizikia zilikuwa upande wake, lakini mtazamaji hawezi kumwogopa anayemtazama kwa kuinamisha kichwa. Dude likaongezwa kimo, na somo hilo hakulisahau.

Mwaka uliofuata alitoa filamu mbili zilizoonyeshwa pamoja, zote zimeandikwa na Charles B. Griffith. Katika Not of This Earth mgeni kutoka sayari nyingine anatembea Los Angeles akiwa na suti, miwani myeusi na mkoba. Sayari yake inakufa kwa ugonjwa wa damu, naye amekuja kukusanya damu ya wanadamu. Hakuna mavazi ya ajabu wala chombo cha anga. Anapovua miwani, macho ni meupe pe, na hilo linatosha. Umaskini wa bajeti ulimlazimisha Corman amfanye mgeni afanane na jirani, na jirani wa namna hiyo anatisha kuliko dude la sponji.

Ya pili, Attack of the Crab Monsters, ilikuwa na kaa wakubwa kama magari katika kisiwa kilichokuwa karibu na majaribio ya bomu. Kaa hao wanapowala watu wanameza na akili zao, kisha usiku wanawaita waliobaki kwa sauti za marafiki waliokufa. Kaa wenyewe hawakumdanganya mtu. Lakini sauti ya mtu aliyekufa ikikuita gizani kwa jina haigharimu chochote, na bado inatisha. Corman alikuwa amemwagiza Griffith kwamba kila tukio liwe na wasiwasi au kitendo, asiache nafasi hata moja ya mtazamaji kupumua. Filamu iligharimu dola 70,000, na kwa hesabu zake mwenyewe ikaingiza zaidi ya dola milioni 1.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Muungano wa Kisovieti ulirusha satelaiti ya Sputnik. Marekani ikashikwa na bumbuwazi, na Corman akaikimbilia kampuni ya Allied Artists na ahadi ya filamu ya satelaiti kabla habari haijapoa. Mnamo 1958 War of the Satellites ikawa katika majumba ya sinema. Ndani ya chombo chake cha anga kulikuwa na matao machache tu ya mbao. Yakisogezwa karibu karibu yalikuwa ujia mfupi, yakitanuliwa yalikuwa ujia mrefu, na waigizaji walipita mle mle tena na tena wakitokea upande mwingine. Miaka kadhaa kabla Marekani haijamrusha mtu angani, vijana wa miji midogo walikuwa wameshaona wanaanga wa Corman wakigombana ndani ya obiti.

Kasi hiyo ilifika kilele mwishoni mwa mwaka 1959, alipopiga sehemu kubwa ya The Little Shop of Horrors kwa siku mbili na usiku mmoja kwenye seti iliyobaki ya filamu nyingine. Mmea unaokula watu ukawa maarufu hata ukaja kutengenezewa tamthilia ya muziki mwaka 1982. Jack Nicholson, kijana asiyejulikana wakati ule, alicheza humo nafasi ndogo ya mgonjwa anayefurahia kung'olewa jino.

Kufikia hapo mtu angeweza kudhani kwamba Corman hakuwa na lolote la kusema zaidi ya kuuza tiketi. Mwaka 1962 alithibitisha vingine. The Intruder, iliyotokana na riwaya ya Charles Beaumont, inamhusu mchochezi anayefika mji wa kusini kuwatia watu hasira dhidi ya watoto Weusi walioruhusiwa kusoma shule moja na Wazungu. William Shatner alicheza mchochezi huyo. Corman na ndugu yake Gene walitia fedha zao wenyewe baada ya wafadhili kukataa, wakaipiga Missouri miongoni mwa wenyeji ambao baadhi yao, walipong'amua filamu inahusu nini, waliwatishia. Wahakiki waliisifu, watazamaji hawakuja. Ikala hasara, na Corman ikamuuma kwa sababu ndiyo filamu aliyoiamini kuliko zote. Tangu siku hiyo alisema ujumbe ataufukia chini ya hadithi, ili anayekuja kuburudika aondoke nao bila kuhubiriwa.

Tunda la uamuzi huo ni X: The Man with the X-Ray Eyes ya mwaka 1963, ambayo naiona kuwa filamu yake bora. Ray Milland anacheza Dk. James Xavier, mtafiti anayejitia machoni dawa ya kuongeza uwezo wa kuona. Mwanzoni ni jambo la kuchekesha: kwenye sherehe anawaona watu wakicheza dansi bila nguo. Halafu linakuwa jambo la heri: anaona ndani ya mwili wa mtoto mgonjwa na kugundua kwamba daktari mwenzake anataka kupasua mahali pasipo na ugonjwa. Kisha dawa inazidi nguvu. Kope zake hazizuii kitu, kwa hiyo hawezi kulala. Anamwangusha rafiki yake dirishani kwa bahati mbaya, anakimbia, anajificha kwenye maonyesho ya mitaani kama mtabiri, anatumiwa na tapeli kuwaambia maskini maradhi yao. Kila hatua anaona mbali zaidi, na kila hatua anabaki peke yake zaidi.

Corman angewezaje kuonyesha mji unaoonekana kama mifupa, kuta na nyama yake vikiwa vimeyeyuka? Alipeleka kamera kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa na kuyapiga picha yakiwa bado vyuma vitupu, na kwa Xavier ikawa kwamba amepenya saruji. Mengine aliyaacha mdomoni mwa mwigizaji. Milland, aliyekuwa ameshinda Oscar kwa The Lost Weekend, anaketi na kueleza anachokiona, na uso wake unafanya kazi ambayo mashine za studio kubwa zisingeifanya vizuri zaidi. Mwishoni anaingia kwenye hema la mahubiri jangwani akiwa na macho meusi tii, anaeleza kwamba katikati ya ulimwengu kuna jicho linalotuona sote, na mhubiri anamjibu kwa maneno ya Maandiko juu ya jicho linalokosesha. Anayang'oa macho yake.

Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi na kila mara napata fikra ile ile: fedha zaidi zingeiharibu. Mwongozaji mwenye fedha angetuonyesha lile jicho la ulimwengu. Corman alimwacha mtu aliyechoka atuambie.

Miaka ile ile aligundua upwa mwingine wa kugaagaa. Wasovieti walikuwa wakitengeneza filamu za anga zenye vyombo na sayari za kuvutia mno, kwa rasilimali za serikali. Corman alinunua haki za kadhaa. Nebo Zovyot ya mwaka 1959 ilikabidhiwa kwa Francis Ford Coppola, mwanafunzi wa filamu wakati huo, aliyeondoa siasa, akaongeza madude yanayopigana, ikawa Battle Beyond the Sun. Planeta Bur ya Pavel Klushantsev ilikatwa na kushonwa mara mbili, na Curtis Harrington kisha na Peter Bogdanovich, ikatoka kama safari mbili tofauti za sayari ya Zuhura. Ilikuwa biashara halali, lakini ina doa. Klushantsev alikuwa fundi wa hali ya juu, na Wamarekani waliiona kazi yake kwa miaka mingi bila kuambiwa ni ya nani.

Mwaka 1970 American International Pictures ilihariri filamu ya Corman ya Gas-s-s-s, kichekesho kuhusu gesi inayowaua watu wote waliozidi miaka 25, bila ridhaa yake. Lilikuwa tone lililojaza mtungi. Akaanzisha kampuni yake, New World Pictures, mwaka huo huo, na baada ya 1971 akaacha kuongoza kwa karibu miaka ishirini. Kama mtayarishaji alitoa Death Race 2000 ya Paul Bartel mwaka 1975, ambamo taifa zima linashangilia madereva wanaogonga watu kwa pointi. Na faida ya filamu za namna hiyo ilimwezesha kusambaza Marekani kazi za Ingmar Bergman, Federico Fellini na Akira Kurosawa.

Ndipo wakubwa wakamwingilia shambani. Jaws ya 1975 na Star Wars ya 1977 zilikuwa hadithi za aina ile ile aliyokuwa akiihangaikia, ila sasa studio zilizimwagia mamilioni na mafundi bora. Mtazamaji hakuwa tena na sababu ya kuvumilia dude la sponji. Corman alijibu kwa Battle Beyond the Stars ya mwaka 1980, iliyogharimu takriban dola milioni 2, ghali kuliko zote alizokuwa ametengeneza hadi wakati huo. Aligeuza ghala la mbao la Venice, Los Angeles, kuwa studio, na miongoni mwa vijana waliotengeneza vyombo vya anga alikuwamo James Cameron, aliyekuwa ameacha udereva wa lori karibuni. Picha za vyombo hivyo na muziki wa James Horner vilitumiwa tena katika filamu nyingine, kwani Corman hakutupa kitu.

Mwaka 1981, katika Galaxy of Terror, Cameron alitakiwa kupiga picha ya mkono uliokatika ukitambaliwa na funza. Funza hawakusogea. Akapitisha nyaya za umeme chini yao, na alipotoa amri ya kuanza msaidizi wake akawasha swichi. Wote wakachangamka kwa pamoja. Watayarishaji wawili waliokuwa wakipita waliona mwongozaji mwenye uwezo wa kuwaamrisha hata funza, wakampa filamu ya kuongoza. Mwaka 1984 Cameron na Gale Anne Hurd, aliyekuwa msaidizi wa Corman, wakatoa The Terminator, filamu ya fedha chache iliyopangwa kwa nidhamu waliyoipata katika ghala lile.

Orodha ya waliopita mikononi mwake ni ndefu: Coppola, Martin Scorsese, Jonathan Demme, Joe Dante, Ron Howard. Aliwalipa kidogo, akawafanyisha kazi kupita kiasi, na akajilimbikizia faida. Hilo lisifichwe. Lakini aliwapa kitu ambacho hakuna studio iliyokuwa tayari kuwapa wasiojulikana, yaani filamu nzima ya kuongoza, na mradi walizingatia ratiba na bajeti aliwaacha waiongoze watakavyo. Alimwambia Howard kwamba akiifanya kazi vizuri hatalazimika kumfanyia kazi tena.

Aliiuza New World mwaka 1983 kwa dola milioni 16.5 na kuendelea na kampuni nyingine katika enzi ya kanda za video. Alirudi kuongoza mara moja tu, Frankenstein Unbound ya mwaka 1990. Mwaka 1993 alitoa Carnosaur wiki chache kabla ya Jurassic Park. Diane Ladd aliigiza katika ile ya kwanza, na binti yake Laura Dern katika ya pili. Mwaka 2009 Akademia ya Hollywood ilimpa Oscar ya heshima. Alifariki Santa Monica tarehe 9 Mei 2024, akiwa na miaka 98.

Zipo filamu zake nyingi zisizofaa kutazamwa leo, na kasi ile ile iliyozizalisha ndiyo iliyoziua. Palipokosekana wazo, ratiba nzuri ilileta filamu mbovu kwa wakati. Lakini palipokuwa na wazo, uchache wa fedha ulilivua mapambo yote likabaki lenyewe. Mwongozaji kijana wa popote anayeambiwa kwamba bunilizi ya kisayansi haimhusu kwa sababu hana fedha aitafute X. Aitazame mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, na mara ya pili ahesabu ni vitu vingapi vilivyonunuliwa. Kisha achukue kalamu na aorodheshe alivyonavyo.